Sophie Kanza Hakuwa Muujiza



Kila mwaka mwezi wa Machi unapofika, akina mama wanapovaa vitenge vya sare na kuandamana, jina la Mama Sophie Kanza husikika katika hotuba, na mara nyingine hata katika mahubiri. Husemwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza masomo ya sekondari, wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, wa kwanza kuwa waziri. Watu hupiga makofi. Kisha msemaji hupita kwenye mambo mengine, na swali lililopaswa kufuata haliulizwi na mtu: kwa nini huyo wa kwanza alipatikana mwaka 1961 tu?

Ukiuliza, wengi watakujibu kwa upole kwamba nyakati zilikuwa hivyo, kwamba mila zetu hazikuwa tayari, kwamba kila jambo lina saa yake mbele ya Mungu. Kisha watamwita Sophie Kanza muujiza, nyota, mtu aliyetangulia wakati wake. Mimi napinga maneno hayo yote. Nyakati hazitungi programu za shule wala hazigawi ruzuku. Msichana Mkongo hakuchelewa kufika chuo kikuu. Alicheleweshwa, na waliomchelewesha walijua walilokuwa wakifanya, kwa sababu waliliandika katika programu na kulisimamia kwa wakaguzi. Tukimwita muujiza yule mmoja aliyepita, tunawafunika waliosimama mlangoni. Tena tunajifunika wenyewe, kwa maana wengine wetu bado tumesimama papo hapo.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mapatano na Kiti Kitakatifu: misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1908 waliendelea na njia hiyo, na tangu miaka ya 1920 serikali ya koloni ikalipa ruzuku kwa shule za misioni za Kibelgiji, ambazo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti hawakupata ruzuku hiyo hadi baada ya mwaka 1946. Kwa hiyo, kwa muda wa nusu karne, kusema "shule" katika Kongo kulikuwa karibu sawa na kusema "misioni". Sisi Wakatoliki hujivunia jambo hilo, na tuna haki. Lakini asiyegawana na mwingine heshima ya kazi hawezi kumgawia mwingine lawama yake.

Misioni hizo ziliwapa wavulana nini? Ziliwapa seminari. Mwaka 1917, kule Baudouinville, ambako leo tunakuita Moba, Stefano Kaoze aliwekewa mikono akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Alikuwa amesoma Kilatini, falsafa na teolojia kwa miaka mingi. Mwaka 1956 Pierre Kimbondo aliwekwa kuwa askofu msaidizi wa Kisantu. Kati ya miaka hiyo miwili mamia ya wavulana Wakongo walipitia seminari ndogo na seminari kubwa. Wengi wao hawakuwa mapadri. Walitoka humo wakawa makarani, waandishi wa magazeti, walimu, na mwishowe viongozi wa vyama vya siasa. Joseph Kasa-Vubu mwenyewe alikuwa mseminari. Seminari ilikuwa sekondari ya wavulana hata pale ambapo serikali haikutaka kuwapa sekondari.

Msichana hakuwa na kitu kama hicho. Sisemi kwamba hakuwa na shule. Alikuwa nazo, lakini zilikuwa na dari. Programu ya mwaka 1948, iliyofungua kwa wavulana sekondari ya miaka sita, iliwaelekeza wasichana waliomaliza shule ya msingi kwenye shule za kazi za nyumbani, kushona na kupika, na wachache kwenye mafunzo ya ualimu wa madarasa ya chini au ya usaidizi wa wakunga. Kifaransa, ambacho bila hicho hakuna aliyeweza kuvuka kwenda masomo ya juu, walifundishwa kwa uchache. Waliosoma ualimu kama mimi wanaelewa maana ya jambo hilo. Ukimfundisha mtoto mmoja kwa lugha ya mtihani, na mwingine kwa lugha isiyoingia katika mtihani wowote, huna haja ya kumkataza huyo wa pili asifanye mtihani. Hatafika kamwe.

Na shabaha ya shule zile haikufichwa. Msichana hakufundishwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mume atakayempata. Mijini, Leopoldville na Elisabethville na kwingineko, kulikuwa na nyumba zilizoitwa fwaye sosiali, ambako wake za makarani walifundishwa kufua, kupiga pasi, kupika na kutunza watoto. Mwaka 1948 serikali iliweka kadi ya ustahili wa kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwanamume aliyeomba kuandikishwa alitembelewa nyumbani, na wakaguzi wakatazama jinsi anavyoishi na mkewe, jinsi wanavyokula na kulala. Hebu fikirini, ndugu: usafi wa jiko la mke ulikuwa sehemu ya mtihani wa mume! Huo ndio mtihani wa serikali uliomfikia mwanamke Mkongo kwanza, na cheti chake kilitoka kwa jina la mwingine.

Sisi wa Katanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wazee wetu waliozaliwa katika kambi za Union Minière wanakumbuka. Kampuni ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba ni nafuu kuwa na mfanyakazi aliyetulia na familia yake kuliko kuajiri wapya kila mwaka, iliwakabidhi wamisionari shule za kambi. Wavulana walitayarishwa kwa ajili ya karakana na ofisi. Wasichana na mama zao waliwekwa katika vyumba vya kushonea. Kampuni ilihitaji mafundi, na iliwahitaji pia wanawake wa kuwafanya mafundi hao wasitoroke. Hakuna muujiza wala fumbo hapa. Ni hesabu za kampuni.

Najua kuna watakaokasirika wakisoma hivi. Watasema: umewasahau masista? Sijawasahau. Maelfu ya wanawake wa nchi hii walijua kusoma kwa sababu masista waliacha makwao, wakavumilia homa, na wengi wakazikwa katika ardhi yetu. Nawashukuru bila masharti. Lakini shukrani kwa mtu si kuusifu kila utaratibu aliotumikia, na masista wenyewe hawakuwa watungaji wa programu. Yako mambo yaliyoamuliwa juu yao, na walioamua walikuwa wanaume: wa serikali, wa makampuni na wa Kanisa.

Wengine watasema kwamba Kanisa halikuwa na nguvu ya kushindana na serikali ya koloni katika jambo la shule. Hapo ndipo historia inapowakana kabisa. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, alipoanza kufungua katika Kongo shule za serikali zisizo za dini na kugusa ruzuku za misioni, Kanisa lilipigana. Lilipigana kwa barua, kwa magazeti, bungeni Brussels na mahali pengine pote palipowezekana. Ugomvi huo ulidumu miaka, na koloni zima lilitikisika. Basi nguvu ilikuwapo. Wala sikumbuki kusoma popote kwamba ugomvi wenye ukubwa kama huo ulipiganwa ili binti wa Kikongo asome Kilatini na hesabu.

Na isidhaniwe kwamba jambo hilo lilikuwa haliwezekani katika Afrika ya wakati ule. Tazameni ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki. Chuo cha Makerere, Uganda, kilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945. Mmoja wao, Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye alikuja kuitwa Sarah Ntiro, alitaka kusoma hesabu. Mwalimu wa somo hilo hakutaka mwanamke darasani, na binti huyo akageukia historia. Akaenda Oxford, akapata shahada yake mwaka 1954, akarudi kufundisha, na mwaka 1958 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Waingereza hawakuwa wakarimu, kama mwalimu yule wa hesabu anavyoonyesha. Hata hivyo Sarah Nyendwoha alikuwa na mlango wa kugonga na mwalimu wa kugombana naye, miaka 16 kabla ya msichana Mkongo kushika mkononi cheti cha sekondari. Mwaka huohuo wa 1954, Oxford ilipompa shahada yake, Leopoldville ndiyo kwanza inafungua Chuo Kikuu cha Lovanium. Elisabethville ikapata chuo kikuu chake mwaka 1956. Vyuo vikajengwa, na ngazi ya kuvifikia, kwa upande wa wasichana, haikuwa imejengwa bado.

Sasa tumtazame Sophie Kanza mwenyewe, maana hotuba za Machi humtaja pasipo kumtazama.

Alizaliwa Leopoldville mwaka 1940. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa kiongozi katika ABAKO na baadaye meya wa jiji hilo. Kaka yake, Thomas Kanza, alikuwa miongoni mwa walei Wakongo wa kwanza kupata shahada Louvain, mwaka 1956, na mwaka 1960 aliiwakilisha nchi mpya katika Umoja wa Mataifa. Mtu anaweza kusema: basi, alipendelewa. Ndiyo, alizaliwa katika nyumba iliyoheshimu vitabu. Lakini neno hilo linawashitaki wanaolisema, wala halimpunguzii yeye lolote. Kama ilihitajika nyumba kama ile, yenye baba kama yule na kaka kama yule, ili binti mmoja amalize sekondari akiwa na umri wa miaka 21, je, binti wa mchimba shaba wa Kipushi angepitia wapi? Thomas alipokuwa akisoma, mbele yake kulikuwa na wavulana waliokwisha kupita katika seminari na shule za sekondari. Sophie alipotazama mbele hakuona msichana hata mmoja.

Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, Wakongo waliohitimu chuo kikuu wangeweza kukaa katika chumba kimoja cha darasa, na katika chumba hicho hapakuwa na mwanamke. Katika uchaguzi wa Mei mwaka ule wapiga kura walikuwa wanaume tu. Sophie alimaliza sekondari mwaka 1961, akasoma sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, na akahitimu mwaka 1964. Mnamo Oktoba 1966, akiwa na umri wa miaka 26, akawa Waziri wa Mambo ya Jamii. Haki ya kura ya wanawake wa Kongo huhesabiwa kuanzia Katiba ya mwaka 1967.

Hapa husikika sauti nyingine, si ya wahubiri bali ya wenye siasa. Wao husema kwamba Mobutu alimweka kama pambo, ili wageni waone serikali yake ni ya kisasa. Inawezekana Mobutu aliwaza hivyo. Hakuwa mtu wa kufanya jambo bila kujitazama kwenye kioo. Lakini katika baraza lile walikaa wanaume wengi, wengine wakiwa na masomo madogo kuliko ya Sophie, na hakuna aliyewaita mapambo. Kwa nini mwenye shahada ya Geneva awe pambo, na jirani yake asiye na shahada awe waziri?

Ninayo lawama nyingine, yenye uzito zaidi, na sijaisikia mara nyingi. Iangalieni wizara aliyopewa: Mambo ya Jamii. Ni familia, watoto, maskini, akina mama. Sidharau kazi hiyo hata kidogo. Injili yote imejaa kazi hiyo. Lakini ni nani asiyeona kwamba hapa ile fwaye sosiali ya Wabelgiji imevaa joho la serikali? Aliyesoma jinsi jamii zinavyojengwa na kubomoka angeweza kupewa Mipango, au Elimu. Walipotafuta mahali pa mwanamke wa kwanza, mawazo yao yalikwenda moja kwa moja kwenye jiko. Na tangu wakati ule, serikali baada ya serikali, idadi ya wanawake waliopelekwa kwenye wizara hiyo au dada zake, Familia na Jinsia, inatosha kutufanya tujiulize kama tuliondoka kweli katika mwaka 1948.

Hata yeye hakukomea hapo. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi UNESCO, Paris, katika idara ya elimu za jamii. Alikuwa ameolewa na Marcel Lihau, mwanasheria aliyekuwa Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yetu, ambaye Mobutu alimwondoa mwaka 1975. Wote wawili walifariki mwaka 1999.

Na mwaka 1987, miaka 21 baada ya mwanamke kuapishwa kuwa waziri, nchi yetu ilitunga Kanuni ya Familia. Kifungu cha 448 kiliamuru kwamba mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Waziri wa kwanza mwanamke na kizazi chake chote, wenye shahada na wasio na shahada, waliwekwa na sheria katika hali ambayo kwa kutia sahihi mkataba walihitaji kibali cha nyumbani. Kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 2016. Miaka 29! Watoto walizaliwa chini yake, wakasoma, wakaoa. Ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba Sophie Kanza "alifungua mlango". Alipita, na waliokuwa wakiushika mlango wakaurudisha. Mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, Judith Suminwa Tuluka, aliteuliwa mwaka 2024. Kutoka 1966 hadi 2024 ni miaka 58.

Sasa nije kwetu, katika maparokia, maana sikushika kalamu ili kuwashitaki Wabelgiji waliokwisha kwenda.

Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, wazazi wameanzisha sanduku la kusaidia masomo ya watoto wa waamini. Ni kazi njema. Katika kanuni walizopendekeza imeandikwa kwamba mvulana atasaidiwa hadi lisansi ya chuo kikuu, na msichana hadi diploma ya sekondari, kisha, akitaka, mwaka mmoja wa ushonaji. Nilialikwa kutoa maoni kama mwalimu na katekista. Nilipouliza sababu, nilipewa tatu, na zote zilisemwa na watu ninaowaheshimu, watu wa sala.

Ya kwanza ilikuwa kwamba msichana ataolewa, na matunda ya masomo yake yataliwa na ukoo mwingine. Niliwajibu kwamba sanduku lile si la ukoo. Ni la waamini, na waamini ni familia ya Mungu, ambayo binti haondoki ndani yake kwa kuolewa. Kama tunahesabu kwa koo, basi tuuite mchango wa koo, tusiufungue kwa ishara ya msalaba. Tena hesabu yenyewe ni mbaya. Nani asiyejua, katika mitaa yetu ya Kenya na Katuba, ni binti yupi anayewalipia wadogo zake minervali, na ni nani anayemnunulia mama dawa?

Ya pili ilikuwa kwamba masomo ya juu huvunja ndoa, kwa sababu mwanamke mwenye lisansi hataki kutii. Neno hili nimelisikia tangu ujana wangu, na sijawahi kulisikia likisemwa juu ya mwanamume. Mwanamume akitoka chuo kikuu na kumwacha mke wa kijijini kwa sababu hajui Kifaransa, tunasema amekosa adabu. Hatusemi kwamba chuo kikuu kifungwe kwa wanaume. Katika maandalizi ya ndoa ninayoyaongoza sijaona bado wachumba waliogombana kwa sababu ya falsafa. Hugombana kwa sababu ya fedha, ulevi, uongo na wakwe.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mmoja wao alisema: "Mwenye heri Anuarite hakuwa na shahada, na ndiye anayetuombea mbinguni." Wote wakanyamaza, kwa sababu nani atabishana na Anuarite?

Mimi nitabishana, si na yeye, bali na wanaomtumia hivyo. Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwishoni mwa mwaka 1939, wiki chache tu kabla ya Sophie Kanza. Ni wasichana wa kizazi kimoja kabisa. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, mwaka uleule ambao mwenzake alihitimu Geneva. Na Anuarite alikuwa nani? Alikuwa mwalimu. Alisomea ualimu, akafundisha watoto Bafwabaka. Yaani alisoma hadi pale ambapo, katika sehemu ile ya nchi na wakati ule, njia ya msichana ilipokuwa ikiishia. Hakuikataa shule ya juu. Haikuwapo mbele yake. Kuchukua dari aliyowekewa na wakoloni na kuifanya kuwa fadhila yake ni kumdhulumu mfiadini. Fadhila yake ilikuwa usafi wa moyo na ushujaa mbele ya mtu mwenye silaha. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri Kinshasa mwaka 1985, hakutangaza kwamba mabinti waishie kwenye cheti cha msingi.

Na kama ni neno la Kanisa linalotafutwa, lipo, wala halijifichi. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu kuingia kwa wanawake katika maisha ya hadhara kuwa miongoni mwa alama za nyakati zetu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, hati iliyotolewa Desemba 1965, namba 29, ulipotaja mifano ya ubaguzi ulio kinyume cha mpango wa Mungu, ulitaja mwanamke anayenyimwa uhuru wa kuchagua mume au hali ya maisha, na anayenyimwa elimu iliyo sawa na ile ya mwanamume. Mababa wa Mtaguso hawakusema "kama fedha zinatosha". Waliuita ubaguzi, wakauweka katika orodha moja na ubaguzi wa rangi. Miezi kumi baadaye Sophie Kanza alikuwa waziri. Nasi, miaka sitini baadaye, tunaandika kanuni ya sanduku la masomo kana kwamba Mtaguso haujafungwa bado.

Nataka niwe wa haki kwa ushonaji pia. Mashine ya kushona imelisha nyumba nyingi za mji huu, hasa miaka ile kampuni ilipoacha kulipa mishahara, na mama mwenye cherehani alimshinda baba mwenye diploma. Binti anayependa kushona asaidiwe kushona, na mvulana vilevile, kwani mafundi wa suti sokoni ni wanaume. Ninachokipinga ni kanuni inayomwambia mtoto, kabla hajafungua daftari lake la kwanza la sekondari, kwamba akipata alama themanini kwa mia katika fizikia atapewa cherehani, na kaka yake akipata hamsini atapelekwa chuo kikuu.

Fedha ni kidogo, wanasema, lazima tuchague. Ni kweli. Basi tuchague kwa alama, kwa uhitaji wa familia, kwa bidii na mwenendo. Walimu wa mtoto wapo na wanaweza kuulizwa. Serikali ya koloni pia ilisema fedha ni kidogo. Hata hivyo alipokosa nafasi msichana, nafasi hiyo haikukaa tupu.

Kamati ya sanduku lile itakutana tena kabla ya mwaka wa masomo kuanza mwezi wa Septemba. Nimewapelekea maandishi mafupi kuliko haya. Naomba kifungu cha wavulana na kifungu cha wasichana vifutwe vyote viwili, na mahali pake pawekwe kifungu kimoja chenye neno "mwanafunzi". Naomba pia majina ya watakaosaidiwa yasomwe hadharani baada ya Misa ya Dominika, pamoja na alama zao, ili waliotoa sadaka wajue imekwenda kwa nani na kwa sababu gani.